Siku Kipara Changu Kilipomzika Babu

Wenzangu wa kijiweni wameniomba mara nyingi niwasimulie habari hii, na kila mara nimewaambia kesho, kwa sababu aibu yake bado haijapoa. Kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana nimeamua kuandika, na kuandika kwenyewe naandika polepole (niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza kunakili ubaoni), kwa hiyo mnivumilie. Ila mkimaliza kusoma, tafadhali msiende Kitanga kumuuliza babu kama ni kweli. Ni kweli. Na yeye hapendi kukumbushwa.

Hapa Kasulu kuna dada mmoja anaitwa Yusta, ana studio ya picha, ndiye anayepiga video za harusi na kipaimara. Siku moja akaamua kutengeneza filamu yake mwenyewe, bila kampuni, bila mfadhili, kwa kamera ileile ya harusi na kwa watu walewale anaokutana nao sokoni. Akaiita Mvua ya Saa Nane. Ilikuwa na hadithi nne zinazokwenda pamoja ndani ya siku moja hapa mjini: bibi harusi anayetafuta pete iliyodondokea kwenye gunia la maharage, mwalimu mstaafu na jirani yake waliogombana kwa ajili ya mbuzi, dereva wa bodaboda aliyeachiwa mtoto mchanga na abiria, na mama mwenye duka ambaye kijana wake anataka kuhama mji bila kumuaga. Watu hawa hawajuani, wanapishana tu barabarani, huyu anamwagia yule maji, yule anakanyaga nyanya za huyu, na wewe mtazamaji unacheka, halafu saa nane inanyesha mvua kubwa na wote wanajikuta wamejibanza kwenye kibaraza cha duka moja, na hapo ndipo kila hadithi inapata mwisho wake na wewe uliyekuwa unacheka unaanza kutafuta kitambaa.

Yule kijana anayetaka kuhama nilikuwa mimi. Najua mnashangaa. Mimi ni fundi baiskeli, mtu akinisalimia kwa sauti kubwa nadondosha spana, lakini Dada Yusta alikuja kuziba pancha, akaniangalia muda mrefu, akasema ninafaa kwa sababu uso wangu unaficha maneno. Pia alizipenda nywele zangu, ambazo zilikuwa nyingi na zimesimama kama za mtu aliyeshtuliwa usingizini. Maneno ya kusema alinipa machache sana, mengi yalikuwa ya mama.

Na huyo mama alikuwa Bi Mwajuma. Duka ni lake kweli, na kile kibaraza cha mvua ni chake. Ni mjane, babu zake walitoka Bagamoyo, na hakuwahi kuigiza maishani mwake, lakini kamera ikiwashwa alikuwa anabadilika hadi Pascali, mpiga picha wetu, anasahau kazi yake na kumtazama. Alikuwa anafanya mazoezi kwa wateja. Unaingia kununua sukari robo, anakukazia macho anasema, "Nenda mwanangu, ila usiende na hasira," na wewe unatoka umeacha chenji. Wajukuu zake wa Ujiji alishawaambia wote kwamba bibi yao yumo kwenye filamu, tena si kwa kupita.

Sasa, masika yalikuwa yanakwisha. Mvua moja nzuri ilinyesha tukiwa tayari, tukapiga picha za bibi harusi, za wale wa mbuzi na za bodaboda, na ilipofika zamu yangu na Bi Mwajuma ikakatika ghafla kama mtu amefunga bomba. Dada Yusta akatuita pembeni, akatuambia bado sisi wawili tu, anahitaji mvua moja, hata ya nusu saa. Ukumbi alishaukodi kwa mwisho wa Juni na matangazo yalishabandikwa, kwa hiyo kusubiri hadi Novemba haiwezekani. "Ikikosekana," alisema, "hadithi yenu nitaitoa yote, maana haina mwisho." Bi Mwajuma akacheka, akasema Mungu hawezi kumnyima mvua moja.

Siku mbili baadaye nikaenda Kibondo kumwona dada yangu aliyejifungua. Niliomba ruhusa, nikapewa, nikaambiwa nirudi kesho yake na nisijiguse nywele, zisije zikatofautiana na za kwenye filamu. Na mimi sikujigusa. Aliyenigusa ni Gidioni.

Gidioni ni mdogo wake shemeji yangu, alikuwa amefungua kinyozi wiki ileile, ana kiti kipya, ana mashine mpya, na hana mteja. Akanishika mkono mbele ya ndugu zake akasema shemeji ndiye atakuwa baraka ya kiti, nitapunguza pembeni tu, kidogo tu, bure. Mtu mwingine angesema hapana. Mimi nikafikiria nitakavyomuaibisha mbele ya watu, nikakaa. (Huo ndio uamuzi wangu mmoja wa siku zile, kukaa. Mengine yote yalikuja yenyewe.) Akaanza upande wa kushoto, na ile mashine ilikuwa na njaa, ikapanda kutoka sikioni hadi utosini kabla hata hajasema samahani. Nikasikia baridi. Akasema basi tusawazishe na upande wa pili, na hapohapo umeme ukakatika.

Tukasubiri umeme. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa nusu mtu na nusu mwingine, watoto wamejazana mlangoni, gari la Kasulu linapiga honi barabarani, na umeme haurudi. Mwishowe Gidioni akaleta wembe na maji ya sabuni, akaninyoa kichwa chote, hadi ngozi. Nilipopanda gari utosi wangu ulikuwa unang'aa kama bakuli la chai.

Njia nzima nilipanga la kumwambia Dada Yusta. Nilikuwa nalo, lilikuwa la kweli, na lilikuwa fupi. Nikashuka, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Bi Mwajuma ambako walikuwa wamekaa kibarazani wanatazama mawingu. Dada Yusta aliponiona akasimama, akashika mdomo.

"Elia. Pole sana. Ni nani?"

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze kwamba kwetu kijana hanyoi hadi ngozi kwa urembo. Ukimwona mtu jana ana nywele na leo hana hata moja, tena kwa wembe, unajua kwao wamezika, na unachouliza ni nani tu. Kwa hiyo Dada Yusta hakukosea. Kosa lilikuwa kwangu, kwa sababu pale nilipaswa kusema, hakuna msiba, dada, ni shemeji yangu na umeme wa Kibondo. Badala yake nikatazama chini. Na mtu wa kipara akiulizwa nani halafu akatazama chini, ameshajibu.

Bi Mwajuma akatoka nyuma ya meza yake akanishika mabega. "Mwacheni kwanza, mtoto ana uchungu," akasema. Halafu akaniuliza mwenyewe, taratibu, kama mama kweli. Na mimi, kwa aibu ya kuwarudisha nyuma watu wote wale ambao walishavua kofia, nikasema, "Babu."

"Wa Kitanga?"

"Wa Kitanga."

Mtaniuliza kwa nini babu. Sijui. Labda kwa sababu yeye mwenyewe huwa anazungumzia kufa kwake kila mwaka tangu nizaliwe, nikaona nikimtaja yeye nitakuwa nimekosea kidogo kuliko kumtaja mwingine.

Na sikilizeni sasa jambo linaloniuma hadi leo. Haikupita dakika mbili Dada Yusta akasema nisijali kuhusu nywele, atapiga kipande kimoja kifupi ambapo yule kijana wa kwenye filamu anapitia kwa kinyozi asubuhi kabla ya safari, na itapendeza zaidi, mama ataona kichwa na kujua mtoto anaondoka. Kipande hicho tulikipiga jioni ileile. Yaani lilikuwa jambo la nusu saa. Nilikuwa nimemuua mzee mzima kwa jambo la nusu saa.

Kesho yake asubuhi nikakuta kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimepaki mbele ya duka na Bi Mwajuma anafunga milango (mwanamke ambaye hata sikukuu ya Idi hufungua baada ya chakula). Walikuwa wamechangishana wote, wana sukari, wana mchele, wana mkeka mpya, wanakwenda Kitanga kunihani. Nikasema barabara ni mbaya. Wakasema wanaijua. Nikasema wameshamzika. Wakasema ndiyo maana wanafanya haraka. Nikasema mvua, je, kama mvua ikinyesha leo? Hapo Dada Yusta akatazama juu kwa muda. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu hata la kuazima.

"Mvua nyingine itakuja," akasema. "Babu wa mtu hafi mara mbili."

Pascali akaninong'oneza nisiwe mnyonge, wenzangu wapo. Nikapanda. Niliwekwa mbele, pembeni ya dereva, kiti cha mfiwa, na wao tisa wakapanda nyuma na vitenge na kanga kichwani.

Njiani nikatoa simu nimwandikie binamu yangu Neema, anayeishi na babu, nimwambie amtoe babu nyumbani ampeleke shambani hadi jioni, nami nitajua la kufanya. Nimeshasema naandika polepole. Gari linaruka, kidole changu kinateleza, nikaandika, "Wageni wengi wanakuja kutoka mjini mwambie babu," na kabla sijafika kwenye neno shamba gari likaingia kwenye shimo na ujumbe ukaenda hivyohivyo, halafu mtandao ukapotea. Nilijaribu kutuma nusu ya pili hadi tukafika.

Kwa hiyo babu alikuwa ameambiwa wageni wanakuja. Na babu ni mtu wa heshima zake. Alikuwa amekoga, amevaa koti lake jeusi la kanisani, amekalia kiti cha mbao katikati ya uwanja, na Neema alikuwa anafagia kwa mara ya pili. Sisi tulisimama barabarani nyuma ya migomba, hawakutuona wala hatukuwaona. Wenzangu wakashuka, wakajipanga, akina mama mbele. Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini Pascali akawa ameshaanza kulia, na akina mama wakampokea, na hawa ni watu waliofundishwa kulia miezi minne mfululizo na Dada Yusta, kulia kwa namna ambayo hata mtu aliyekaa mwisho wa ukumbi atayaona machozi. Majirani wakatoka mashambani wakikimbia, majembe mabegani.

Tukaingia uwanjani hivyo. Mimi mbele, kichwa kinang'aa.

Babu akasimama. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi, kichwani, kisha akawatazama waliaji, kisha akarudi kichwani kwangu. Na mimi ambaye nilikuwa nimeogopa vitu vyote njia nzima, hili sikuwa nimeliwaza hata mara moja. Baba yangu yuko Mpanda, anafanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku, hatupati habari zake kila mwezi. Babu akaona mjukuu kanyolewa, akaona gari la watu wa mjini wanalia, akajumlisha kama mtu yeyote wa huku angejumlisha.

"Elia," akasema, "ni baba yako?"

Akakaa. Si kwenye kiti, alikaa chini kwenye vumbi, na koti lake lile, akaanza kumwita baba yangu kwa jina lake la utotoni ambalo sijawahi kulisikia hadi siku ile. Neema akatupa ufagio akapiga yowe, na yowe lake halikuwa la filamu.

Wenzangu nao wakachanganyikiwa, maana hawamjui huyu mzee ni nani. Bi Mwajuma akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akamwambia, pole baba, wewe ni ndugu yake marehemu? Babu akamjibu kwamba marehemu ni mwanawe. Bi Mwajuma akageuka akaniangalia. Akamwangalia babu. Akaniuliza, mbele ya majirani wote, sauti ndogo kabisa, "Elia, huyu mzee ni nani?"

"Ni babu," nikasema.

"Babu yupi?"

"Ni huyo huyo. Hakuna aliyekufa. Baba mzima, babu mzima. Nilinyolewa tu Kibondo, umeme ukakatika."

Nilidhani nimesema kimoyomoyo, kumbe nimesema kwa sauti iliyofika hadi kwa watu wenye majembe. Pascali alikata kilio katikati, kikabaki kama kikohozi. Kuna mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa. Babu aliendelea kukaa palepale chini, akaniuliza mara mbili kama baba ni mzima kweli, nikasema ni mzima, akaniambia niape, nikaapa. Ndipo akamwomba Neema amwinue. Akajifuta vumbi polepole, sehemu moja moja.

"Yewe, Elia," akasema. "Mimi nimeshazika watoto wawili. Kuanzia leo ukitaka kuua mtu, usimuue wa nyumba hii."

Halafu akawageukia wenzangu akawakaribisha chakula, kwa sababu walikuwa wageni na alikuwa ameambiwa wanakuja. Walikaa kwenye mkeka wao wenyewe wa rambirambi wakala ugali na maharage, na hakuna aliyezungumza nami, isipokuwa jirani mmoja aliyeniuliza kama yeye nimeshampangia siku.

Ilikuwa wakati huo simu ya Bi Mwajuma ilipolia. Mtandao ulikuwa umerudi. Alikuwa jirani yake wa Kasulu, anamwambia asiwe na wasiwasi, ameingiza madumu yake ndani, mvua inapiga huku si kawaida, barabara imekuwa mto. Bi Mwajuma aliweka simu kwenye spika, sijui kwa nini, na sote tukaisikia ile mvua ikidunda kwenye bati la duka lake. Dada Yusta akatazama saa. Hakusema ni saa ngapi. Juu yetu, Kitanga, jua lilikuwa linawaka.

Tulirudi bila kusimama popote. Tulipofika mvua ilikuwa imekatika, matone tu yanadondoka kwenye ukingo wa kibaraza, na Pascali akawasha kamera kupiga yale matone, akaizima mwenyewe.

Haikunyesha tena. Tulikaa kibarazani wiki tatu, mimi na Bi Mwajuma tumevaa nguo zilezile, hadi barabara ikawa vumbi jekundu. Siku moja tulijaribu kumwaga maji kwa ndoo kutoka juu ya bati, ikaonekana ni watu wanaosha bati. Dada Yusta hakunigombeza hata siku moja, na afadhali angenigombeza. Mwanzoni mwa Juni alikuja dukani akaongea na Bi Mwajuma peke yake, mimi nikiwa nje, na niliona kwa mgongo wa Bi Mwajuma kwamba anatingisha kichwa kukubali. Hadithi nne zikawa tatu.

Bi Mwajuma alishawaita wajukuu zake, na hakuwazuia. Walikuja watano kutoka Ujiji, wamevaa nguo za Idi, wakakaa mstari wa pili. Ukumbi ulijaa, watu walicheka pete, walicheka mbuzi, na kwenye mvua walinyamaza kabisa, wengine wakalia. Ni filamu nzuri, siwezi kudanganya. Bi Mwajuma anaonekana mara moja, nyuma ya bibi harusi, anapanga sabuni kwenye rafu, halafu mlango unafungwa. Mimi sionekani kabisa.

Taa zilipowashwa nilitaka kutoka kwa mlango wa nyuma, lakini njia yake inapita mstari wa pili. Mjukuu mdogo, binti wa miaka kama saba, alikuwa anamvuta bibi yake kanga, anamuuliza ile sehemu yake kubwa itaonyeshwa saa ngapi. Bi Mwajuma akamwambia haipo, waliitoa, kwa sababu bibi alikuwa anasahau maneno.

Alisema hivyo huku ameniona. Alisema ili anisitiri.

Miguu yangu ilitaka kuendelea na safari. Mdomo wangu ulitaka kufanya ulichozoea. Nikasimama mbele ya wale watoto watano, na nyuma yangu watu wanasukumana kutoka, nikasema kwa sauti, "Bibi yenu hakusahau hata neno moja. Alikuwa anaigiza kuliko wote. Ni mimi niliyeharibu."

Yule binti akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, ambako nywele zilikuwa zimeanza kurudi.

"Kwani wewe ulikuwa nani humo?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, pale nimesimama, kuanzia kiti cha Gidioni hadi mvua ya kwenye simu, na kaka zake wakacheka sana na yeye hakucheka. Bi Mwajuma alikuwa anafungua na kufunga pochi yake. Nilipomaliza hakusema amenisamehe wala hajanisamehe, alimshika mkono mjukuu wake akasema twende, gari litatuacha.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimejiwekea sheria. Nikiulizwa jambo, hata kama ni dogo, hata kama watu wote wameshaamua jibu na ninaona aibu kuwaharibia, nasema kabla sijatazama chini. Bado natetemeka, bado spana inadondoka. Lakini nasema.